Neti ya nyumbani imekata ghafla: maswali ninayoulizwa kila wiki

Mimi sifanyi kazi kampuni yoyote ya intaneti, ni yule jirani tu ambaye kila jengo linaye, anayegongewa mlango saa tatu usiku "kaka samahani, kwako neti ipo?" Hapa Dar tunaishi ghorofa lenye nyumba kumi na mbili na nadhani nimeshaingia sebule zote kuangalia taa za rauta. Sasa nimeamua niyaandike majibu yote sehemu moja, nikiulizwa natuma tu.

Kitu kimoja tu ukishike. Kati ya simu yako na ukurasa unaotaka kuufungua kuna vipande vinne: waifai ya ndani, waya wa kutoka ukutani kwako mpaka kwa kampuni, mtandao wa kampuni wenyewe, halafu njia za nje zinazoenda duniani. Tabu inaanza pale watu wanapoparamia rauta kwa sababu ndo kitu pekee mkono unakifikia, kumbe kilichokatika kiko baharini.

Neti imekata sasa hivi, nianze na nini?

Usiguse kitu kwanza, tazama taa. Ukizima kabla ya kutazama umefuta ushahidi wako mwenyewe.

Kwenye kisanduku cha fiba kuna taa imeandikwa PON na nyingine LOS. PON ikiwa kijani imetulia na LOS imezimika, mwanga unafika nyumbani kwako na waya hauna shida. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, na hapo hata uzime rauta mara mia hakuna kitakachobadilika. PON ikiwa inawakawaka bila kutulia, mwanga unafika lakini mtambo wa kampuni haujakitambua kisanduku chako. Na kama PON imetulia ila taa ya INTERNET ndo nyekundu au haipo kabisa, basi tatizo ni akaunti yako au ni la kampuni yenyewe.

Baada ya hapo muulize jirani wa kampuni ileile. Swali hilo la sekunde kumi linakuokolea saa nzima.

LOS ni nyekundu, naweza kurekebisha mwenyewe?

Mara nyingine ndio. Jirani wa chini alinipigia siku moja anasema neti imekufa tangu asubuhi, nafika nakuta wapaka rangi, kabati la vyombo limesogezwa mpaka ukutani na ule waya mwembamba wa fiba umebanwa nyuma yake umekunjika kama ndoano ya samaki. Ndani ya ule waya kuna uzi wa kioo, ukiukunja sana mwanga unavuja pale kwenye kona badala ya kuendelea mbele. Tukavuta kabati, nikaunyoosha taratibu ukawa na mviringo mpana kama wa kisahani, taa nyekundu ikazimika palepale. Alitaka kunilipa, nikanywa chai tu.

Kwa hiyo cheki panya, cheki mlango unaobana waya, cheki watoto, halafu cheki kile kichwa cha kijani kama kimekaa vizuri, kinatakiwa kutoa mlio mdogo wa "tak" ukikisukuma. Usikifute kwa fulana na usichungulie mwanga wa ndani yake, hauonekani kwa macho ila ni leza. Na fundi wa mtaani akitaka kukuwekea waya wenye kichwa cha bluu sehemu ya kijani mkatalie, vinaingiliana lakini vimesagwa tofauti na mwanga mwingi utapotea hapo.

Kama ndani pako sawa, toka nje utazame juu. Lori la mchanga lililopita limejaa, nguzo iliyogongwa, mtu anachimba mtaro. Hapo piga simu, hakuna ujanja.

Nibonyeze kile kitundu cha reset?

USIBONYEZE. Naomba hili ulisome mara mbili. Kuzima na kuwasha ni kitu kimoja, kuingiza pini kwenye kitundu ni kitu kingine kabisa, kile kinafuta kila kitu ambacho fundi aliweka, pamoja na jina na nywila ya kuunganishia laini ambavyo kampuni nyingi hata hazikupi. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo miaka ya nyuma, neti ilikuwa imekata mtaa mzima kwa sababu ya umeme, nikajifanya mtaalamu nikashika pini sekunde kumi na tano. Mtaa ukarudi baada ya nusu saa, mimi nikakaa siku mbili nasubiri fundi huku mke wangu ananiangalia tu.

Ukitaka kuiwasha upya chomoa kwenye umeme, hesabu mpaka thelathini, chomeka, kisha iache dakika tano. Kisanduku cha fiba kwanza, kama una rauta ya pembeni ifuate baadaye.

Kila nikizima na kuwasha inarudi, baada ya siku mbili inakata tena. Ni nini?

Washukiwa wangu ni watatu. Wa kwanza ni joto, rauta imewekwa juu ya dikoda au nyuma ya TV na dirisha linapiga jua la mchana, iguse tu utajua. Wa pili ni adapta ya umeme iliyochoka, inaandika volti 12 lakini ikibanwa na kazi inatoa pungufu, na hii watu hawaidhanii kabisa wanakimbilia kununua rauta mpya. Wa tatu ni mwanga hafifu. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.100.1, anwani na nywila viko kwenye stika ya chini, tafuta sehemu inayoonyesha nguvu ya mwanga unaoingia. Ni namba yenye alama ya kutoa, inapimwa kwa dBm. Ikiwa kati ya -15 na -24 lala usingizi. Ikikaribia -27 uko ukingoni, kwa sababu vifaa vingi vya nyumbani vya GPON, aina ya fiba ya majumbani, vimetengenezwa kusoma mpaka hapo, mvua kidogo au upepo unatingisha waya na neti inakwenda. Andika hiyo namba leo wakati neti iko poa, siku ikikata utakuwa na cha kulinganishia.

Umeme umekatika, rauta nimeiweka kwenye betri, mbona bado neti hakuna?

Kwa sababu betri yako inawasha kipande chako tu. Fiba ya majumbani ina uzuri wake, vile visanduku vya kugawia kwenye nguzo havihitaji umeme kabisa, vinagawa mwanga kama kioo, mmoja unakwenda nyumba 32 au 64. Lakini mwanzo wa mwanga huo ni mtambo wa kampuni na huo una betri zake na jenereta yake, zikichoka wote mnalala. Na kama ghorofa lenu linagawa neti kwa switchi ya mtandao, kisanduku chenye matundu ya waya, iliyofungwa kwenye chumba cha mita kule chini, hiyo nayo inataka umeme. Kwetu ndo ilikuwa hivyo, miezi kadhaa tunalaumu kampuni kumbe switchi yetu wenyewe ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya mlinzi, akitaka kuchaji simu anaichomoa.

Waifai imejaa kabisa lakini hakuna kinachofunguka. Kwani waifai si ndo intaneti?

Hapana. Waifai ni mazungumzo kati ya simu yako na rauta, hata kebo ya bahari ikikatika itaendelea kujaa vilevile.

Piga pingi tatu, yaani ujumbe mdogo wa kuuliza "upo?" na kusubiri jibu, kwa laptopu au kwa apu za bure zilizojaa kwenye simu. Ya kwanza piga rauta yako, 192.168.1.1 au namba yako ilivyo. Ikigoma tatizo liko ndani ya nyumba. Ikijibu piga 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje. Ikigoma hapo wakati rauta inajibu, shida iko kati ya ukuta wako na dunia. Zote mbili zikijibu piga jina, mfano google.com, na jina likigoma huku namba inajibu basi intaneti unayo, ulichokosa ni DNS, kile kitabu cha simu kinachogeuza majina kuwa namba. Nenda kwenye mipangilio uweke DNS ya 1.1.1.1 au 8.8.8.8 au 9.9.9.9 na maisha yanaendelea.

Kompyuta ikikuonyesha anwani inayoanza na 169.254, hiyo imejipa namba yenyewe baada ya kukosa jibu kutoka kwa rauta. Cheki waya wa LAN, ule wa kutoka kompyuta kwenda rauta, au sahau mtandao huo uunganishe upya.

Inawezekana kifurushi kimeisha tu?

Inawezekana sana, na ni aibu ya kawaida. Cheki malipo kabla ya kupiga simu.

WhatsApp na Instagram zimekufa, vingine vinafanya kazi. Nifanye nini?

Kaa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea dunia nzima kwa karibu saa sita, na chanzo kilikuwa njia: wakati wa matengenezo yao wenyewe waliukata mtandao wao wa ndani, na seva zao zikaacha kuitangazia dunia njia ya kuwafikia. Hayo matangazo yanaitwa BGP, kila mtandao mkubwa unawaambia majirani "anwani hizi zipite kwangu", na usipotangaza ni kama umeng'oa vibao vyote vya barabarani kuelekea kijijini kwako. Kijiji kipo, hakuna anayefika. Siku ile mtaani kwetu nilihesabu watu wanne waliowasha rauta upya.

Kuna kosa la upande wa pili pia, kutangaza njia isiyo yako. Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan ilitaka kuifunga YouTube ndani ya nchi yake tu, tangazo likavuja nje na kwa kama saa mbili watu wa sehemu nyingi duniani waliotafuta YouTube walipelekwa Pakistan wakaishia shimoni.

Tovuti moja tu haifunguki kwa fiba, ila nikitumia data ya simu inafunguka. Rauta mbovu?

Rauta mbovu haichagui tovuti. Hii harufu yake ni ya njia. Ama njia kati ya kampuni yako na seva ile imevunjika mahali, ama seva imeifungia anwani yako, na hili la pili linatokea sana kwa sababu kampuni nyingi zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukiona rauta yako kwenye upande wa nje ina namba kati ya 100.64 na 100.127 ujue uko kwenye hilo kundi, jirani mmoja akifanya fujo mnafungiwa wote.

Kuna sababu ya tatu ambayo huwa nafurahi kuikuta, ukurasa unaanza kufunguka halafu unaganda, picha ndogo zinakuja kubwa hazitoki. Laini za kuingia kwa jina na nywila, zile za PPPoE, pakiti yake kubwa, yaani kipande cha data kinachosafiri kwa mara moja, ni baiti 1492 wakati mitandao mingi inatumia 1500, na kukiwa na mahali njiani panapotupa kimyakimya pakiti zilizozidi, vitu vikubwa vinapotea na vidogo vinapita. Weka MTU ya rauta, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, iwe 1492, au shuka mpaka 1450 ujaribu.

Hiyo njia naionaje?

Kwenye Windows fungua dirisha jeusi andika tracert halafu jina la tovuti, kwenye Linux na Mac ni traceroute. Kila mstari ni kituo kimoja, kama daladala inavyotaja vituo. Mfano wa kwangu nikienda seva ya Ulaya siku njema: kituo cha kwanza 192.168.100.1 milisekunde 2, cha pili 100.72 na kitu milisekunde 5, cha tatu nyota tatu, cha nne milisekunde 8, cha tano ghafla 150 na kuanzia hapo inabaki 150 mpaka mwisho.

Wale wanaoona ule mruko wa 8 kwenda 150 wanashtuka, lakini hapo ndo umevuka bahari. Mwanga ndani ya fiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kebo ya kilomita 10,000, kwenda na kurudi, ni milisekunde 100 hata kama mitambo yote ingekuwa ya malaika. Nyota katikati nazo si ugonjwa, kituo kimeamua kutokujibu tu, mradi vinavyofuata vinajibu. Hata kituo cha kati kinachoonyesha 300 huku cha mwisho kinaonyesha 150 ni kituo mvivu wa kujibu, mzigo anaupitisha.

Ugonjwa ni huu: nyota zinaanza mahali na haziishi mpaka mstari wa 30. Au namba zinapanda kituo fulani na zote zinazofuata zinabaki juu wakati jana hazikuwa hivyo. Au, na hii ni nzuri kuitazama, anwani mbili zinapokezana, A, B, A, B, A, B mpaka mwisho, yaani rauta mbili kila moja inaamini njia iko kwa mwenzake, zinarushiana mzigo kama makonda wawili wanaogombea abiria. Ukiona hiyo piga picha skrini, kosa ni la mitambo yao na huduma kwa wateja hawana cha kubishana nawe.

Ila kumbuka tracert inakuonyesha njia ya kwenda. Njia ya kurudi inaweza kuwa nyingine kabisa na ndiyo iliyoharibika.

Mbona tovuti ya hapahapa Dar inapitia Ulaya?

Kwa sababu kampuni yako na kampuni inayohifadhi ile tovuti hazijashikana mikono hapa nyumbani, zinakutana kwa wakala wao wa Marseille au London. Ni kama kumtumia jirani barua ikapitia Ulaya. Vituo vya kubadilishana mzigo vilianzishwa kuondoa hilo, Nairobi wana KIXP tangu mwaka 2000 na Dar kuna TIX tangu 2004. Nyingine ni tovuti ambazo mwenyewe alikodi seva ya nje kwa sababu ni rahisi, ana jina la .tz na seva iko Ujerumani, huyo hapitishwi, ndo anakoishi.

Wanasema kebo ya baharini imekatika. Ni kweli au wanatupiga kamba?

Mara nyingine kamba, mara nyingine kweli, na unaweza kupima mwenyewe. Ikiwa kweli, kampuni zaidi ya moja zinaugua kwa pamoja, vitu vya ndani ya nchi vinafunguka, vya nje vinakufa au vinatambaa.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilikuwa kweli. Kebo mbili, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania tukaumia kuliko wengi. Wakati ule njia ya kaskazini nayo ilikuwa mbovu, Seacom na nyingine mbili zilikatika Bahari ya Shamu mwezi Februari mwaka huohuo, inaaminika ni nanga ya meli ya Rubymar iliyopigwa na Wahouthi na kuachwa ielee. Kwa hiyo kusini pamekatika na kaskazini pamekatika. Wakenya walikuwa na nafuu kidogo kwa sababu Mombasa inapokea kebo nyingine kama TEAMS inayokwenda Fujairah, na mzigo wetu mwingi ukalazimika kupita nchi kavu kwenda huko. Meli ya matengenezo Léon Thévenin, ambayo kituo chake ni Cape Town, ikatumwa, maana kebo inavuliwa kutoka chini kwa ndoano, inapandishwa juu ya meli, inaungwa nyuzi kwa nyuzi halafu inashushwa. Hakuna fundi wa ngazi hapo.

Hata TEAMS yenyewe ilishakatwa, Februari 2012, meli ilishusha nanga sehemu isiyotakiwa nje ya bandari ya Mombasa.

Siku kama hiyo mbona YouTube inacheza lakini mkutano wa video hauendi?

Google wanaweka seva zao za akiba ndani ya mitandao ya kampuni za hapa, video inayotazamwa na wengi inatoka Dar au Nairobi. Mkutano wako na bosi aliye Toronto hauwezi kuwekwa akiba.

VPN inasaidia?

Kwa njia iliyovunjika inaweza kusaidia, kwa sababu unalazimisha mzigo upitie mji mwingine kwanza. Kwa LOS nyekundu haisaidii lolote. Nimeshaulizwa, ndo maana naandika.

Huduma kwa wateja kila siku wananiambia zima uwashe. Niwaambie nini?

Waanzie mbali. Usiseme "neti haifanyi kazi", sema: "PON imetulia, LOS imezimika, mwanga -21, rauta inajibu pingi, 8.8.8.8 haijibu tangu saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, jirani yangu wa kampuni yenu naye hana." Dada wa upande wa pili atanyamaza kidogo, utasikia anaandika. Kama ni njia, watumie tracert mbili, moja ya fiba na moja ya data ya simu kwenda palepale, pamoja na anwani yako ya nje na saa. Omba namba ya tiketi na uiandike, bila hiyo namba kesho unaanza upya na mtu mwingine.

Nichukue laini ya pili ya akiba?

Kama kazi yako ni ya mtandaoni, chukua. Ila fiba mbili zinazoning'inia nguzo moja ni fiba moja kwa macho ya lori. Changanya, fiba na laini ya simu ya kampuni tofauti, na siku moja zima fiba kwa makusudi uone kama ile ya pili inafanya kazi kweli, maana nimeshakuta watu wana akiba ambayo kifurushi kilikwisha miezi mitatu iliyopita.

Fundi kaja, kasema kamaliza. Nimwachie aondoke?

Mwambie kwanza akuonyeshe namba ya mwanga kwenye kipimo chake, uilinganishe na ile uliyoandika. Ikiwa imeshuka, mfano ilikuwa -19 sasa -25, amekuunga vibaya hata kama neti imerudi, mwombe aunge tena akiwa bado kwenye ngazi.

Halafu mpe maji ya kunywa, jua la Dar juu ya nguzo si mchezo.